Fundi, Mbwa na Ua: Tuliyoyaona Kiseke

Ndugu Wanachama,

Huenda mwenzetu akasoma kichwa cha habari hii akatuuliza, "Bwana Katibu, karafuu na Kiseke wapi na wapi?" Swali hilo ni la haki, na jawabu lake ni hili. Wengi wetu tuna mbwa wa kulinda shamba na majamvi ya karafuu wakati wa mavuno, na wengi tuna mbuzi wasio na adabu wakiiona miche michanga. Kila mwaka twamwita fundi atutilie ua, au atuzibie pale palipobomoka, na kila mwaka afisi ya Chama hupokea malalamiko: fulani kachukua arubuni hakurudi, fulani katia nguzo zimeliwa na mchwa hata mwaka haujesha. Basi tuliyoyaona Kiseke yatufaa sisi sote.

Kiseke ni kata ya Manispaa ya Ilemela, katika mkoa wa Mwanza. Huko anakaa shemeji yetu, nasi tulikwenda kumtazama. Asiyefika Mwanza na ajue ya kuwa nchi ile ni ya majabali. Mawe makubwa yamepandana juu ya vilima kama yaliyopangwa na mtu, na nyumba zimejengwa baina yake. Wasukuma tangu zamani hupanda minyaa kuzunguka miji yao, na ua wa namna hiyo hautaki saruji wala fundi. Lakini kiwanja cha mjini ni kidogo, na utomvu wa mnyaa ukiingia machoni ni balaa. Kwa hivyo wengi hununua wavu wa waya na nguzo, wakamwita fundi.

Shemeji yetu ana mbwa mmoja wa ulinzi. Alimwita fundi wa jirani amtilie ua. Fundi akakitazama kiwanja kwa macho tu, hakupima, akataja bei moja kwa kazi yote, akapewa fedha zote siku ile ile, bila ya karatasi wala shahidi. Upande wa mbele alichimba vizuri. Upande wa nyuma sururu ikagonga jabali. Badala ya kusema, "Mzee, hapa pana jiwe, tufanyeje?" alisimamisha nguzo mbili juu ya jiwe, akazizungushia zege kidogo, akaunyosha wavu, akaaga. Chini ya wavu pakabaki upenyo wa shubiri moja. Shemeji aliuona. Akasema, "Nitamwita wiki ijayo." Wiki ikawa mwezi.

Siku ya tatu ya ugeni wetu, wakati wa alasiri, tulikuwa twanywa chai barazani tukasikia ukelele. Mbwa alikuwa amepita upenyoni, amemwuma mguuni mtoto wa jirani, wa miaka 7, aliyetumwa dukani kununua mkate. Tukaliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kama waagizavyo matabibu, kisha mtoto akapelekwa hospitali, akachomwa sindano ya kwanza ya kinga na kuandikiwa siku za kurudi kwa nyingine. Mbwa alikuwa na cheti cha chanjo, alhamdulillahi, lakini cheti hakimwondolei mzazi khofu. Daktari wa mifugo akaamrisha mbwa afungwe na kutazamwa siku 10, kwani mbwa ambaye mate yake yamekwisha kuwa na kichaa huugua au hufa katika muda huo.

Tulikuwa tumeazimia kurudi nyumbani, tukaona si uungwana kuondoka. Siku zile 10 hapana aliyelala vema katika nyumba ile. Kila asubuhi baba wa mtoto alikuja, akasimama langoni pasi na kusema neno, akamtazama mbwa anakula au hali, kisha akaenda zake kazini. Siku ya 10 mbwa alikuwa mzima. Ndipo baba yule aliposema, "Jirani, ungeniambia nikupe mawe ya kuziba pale. Hapa kwetu mawe hayanunuliwi."

Nasi wa Pemba twaijua khofu hiyo. Kichaa cha mbwa kilikuwapo kisiwani kwetu. Mbwa wakachanjwa kisiwa kizima kila mwaka, na ilipofika Mei 2014 maradhi yakawa yametoweka. Kisha chanjo ikaachwa, na mwishoni mwa 2016 maradhi yakaingia tena kutoka nje, mara mbili. Ikabidi kuanza upya kuchanja kisiwa kizima, hata yakatokomezwa Oktoba 2018. Shirika la Afya Duniani lataka mbwa wasiopungua 70 katika kila 100 wachanjwe, kwani karibu watu wote wafao kwa kichaa hiki huambukizwa na mbwa, na dalili zikishamtokea mtu ni nadra mno kupona. Chanjo hulegea kama ua ulegeavyo: mtu huona pametengemaa, akaacha kutazama.

Turudi Kiseke. Shemeji alimwita fundi wa pili, mtu mzima, naye kabla ya kutaja bei aliuliza: "Mbwa wenu huruka au huchimba?" Kisha akatoa kamba, akapima. Penye jabali alitoboa jiwe, akasimamisha nondo kwa saruji, akazifunga nguzo humo, akajenga msingi wa mawe baina ya nguzo na kuushika wavu ndani yake. Mawe yalitoka kwa jirani.

Kwa hayo twawashauri wanachama mambo matano.

Kwanza, pimeni kabla ya kupatana. Zungukeni mpaka pamoja na jirani, mtazame alama za mpaka, msije mkajenga ugomvi. Pataneni bei kwa mita, na lango mbali. Ulizeni mapema: tukikuta jiwe au mzizi wa mkarafuu, itakuwaje?

Pili, mwambieni fundi ni mnyama gani. Mbwa mchimbaji ataka wavu uzikwe kadiri ya futi 1, au ukunjwe chini na kulaliwa mawe. Mbwa mrukaji ataka ua wa futi 6. Mbuzi huuparamia wavu uliolegea, kwa hivyo nguzo za pembe zitiwe mihimili. Nguzo za mti ziwe zimetiwa dawa ya mchwa.

Tatu, kabla ya kumpa kazi, kautazameni ua alioujenga zamani, uliokwisha pigwa na masika mawili. Ua wa juzi kila mtu husimamisha.

Nne, andikeni. Urefu, idadi ya nguzo, kina cha mashimo, nani anunua vifaa, siku ya kumaliza, na mashahidi wawili. Sisi tuliosoma chuoni twajua ya kuwa deni limeamrishwa liandikwe, na wahenga nao walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Malipo yawe mafungu matatu: la kuanzia, la nguzo zikisimama, na la mwisho baada ya kuzunguka ua wote pamoja na fundi.

Tano, kila baada ya mvua kubwa zungukeni tena, kwani maji huchukua udongo chini ya wavu. Litazameni lango, bawaba na komeo. Huko ndiko mbwa wengi wapitako.

Wala tusimlaumu fundi peke yake. Fundi wa kwanza alificha jiwe, na hilo ni kosa. Lakini shemeji yetu alilipa yote kabla ya kazi, akauona upenyo akaunyamazia. Hayo ni makosa mawili. Na miongoni mwetu wako wanaomaliziwa kazi kisha humwambia fundi angoje mpaka karafuu ziuzwe. Fundi aliyedhulumiwa leo hatakuja kesho upenyo utakapotokea.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtoto wa Kiseke amepona, ila kovu amebaki nalo mguuni, na dukani hapiti tena njia ile.

Mwanachama atakaye msaada wa kuandika mapatano na fundi wake na afike afisini, tutamwandikia, inshallah.

Wasalaam,
Katibu wa Chama