Gunsmoke

Gunsmoke ni tamthilia ya televisheni ya Marekani ya aina ya kauboi iliyorushwa na kituo cha CBS kuanzia tarehe 10 Septemba 1955 hadi 31 Machi 1975. Ilikuwa na misimu 20 na vipindi 635. Visa vyake vinatokea Dodge City, Kansas, katika miaka ya 1870, wakati ng'ombe waliposwagwa kutoka Texas hadi kwenye reli.

Mhusika mkuu ni Matt Dillon (James Arness), marshali anayelinda sheria mjini. Wenzake ni daktari Doc Adams (Milburn Stone), Kitty Russell mwenye baa (Amanda Blake) na Chester, msaidizi anayechechemea (Dennis Weaver). Weaver alipoondoka mwaka 1964, nafasi yake ilichukuliwa na Festus (Ken Curtis).

== Asili ==
Gunsmoke ilianza redioni mwaka 1952, ikitungwa na Norman Macdonnell na John Meston. Wakati huo hadithi nyingi za kauboi redioni zilikuwa za watoto: shujaa hakosei na mwovu hujulikana mapema. Wawili hao walitaka hadithi za watu wazima, zenye umaskini, ulevi na vifo visivyo na maana. Kipindi cha kwanza cha televisheni, kilichotambulishwa na John Wayne, kilifuata njia hiyohiyo: Dillon anapigwa risasi na mtu mwenye mkono mwepesi kuliko wake, na anaponea chupuchupu.

== Mapokezi ==
Kuanzia 1957 hadi 1961 Gunsmoke iliongoza kwa watazamaji nchini Marekani kwa misimu minne mfululizo. Mafanikio yake yalivuta waigaji. Katika msimu wa 1958–59, vipindi saba kati ya kumi vilivyotazamwa zaidi vilikuwa vya kauboi. Ilipata tuzo ya Emmy ya tamthilia bora mwaka 1958, na Weaver akapata ya kwake mwaka 1959.

Wingi huo ulileta uchovu pamoja na malalamiko kuhusu ukatili kwenye televisheni. Mwaka 1967, baada ya watazamaji kupungua, CBS iliamua kuifuta. Uamuzi huo ulitenguliwa na mkuu wa CBS mwenyewe, William Paley, aliyeipenda tamthilia hiyo. Ilihamishwa kutoka Jumamosi hadi Jumatatu usiku, na kichekesho Gilligan's Island ndicho kilichofutwa badala yake. Msimu uliofuata Gunsmoke ilishika nafasi ya nne. Tatizo basi halikuwa hadithi zake, bali angalau kwa sehemu siku iliyopangiwa.

Mwaka 1975 hakukuwa na mwokozi. Tamthilia ilisimamishwa bila kipindi cha kuwaaga watazamaji, na uhusiano wa Dillon na Kitty, ambao kwa miaka 19 haukuwahi kutajwa waziwazi, ulibaki bila jibu. Blake alikuwa ameshaondoka mwaka uliotangulia. Arness alirudi kama Dillon katika filamu tano za televisheni kati ya 1987 na 1994, na Blake alikuwemo katika ya kwanza. Idadi ya vipindi vyake ilipitwa na katuni ya The Simpsons mwaka 2018.