Ufanye Mtihani Mwaka Gani?

Mwanafunzi wa Marekani anaweza kujichagulia mwezi wa kufanya mtihani wa kuombea chuo, na asiporidhika na alama akaurudia baada ya miezi michache. Kwetu Tanzania kalenda iko mikononi mwa Baraza la Mitihani: Kidato cha Nne ni Novemba, Kidato cha Sita ni Mei. Mwezi hatuuchagui. Mwaka, mara nyingi, tunauchagua wenyewe, na katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita nadhani tunauchagua vibaya.

Zamani hata mwaka uliamuliwa na dola. Azimio la Musoma la 1974 lilimtaka mhitimu wa Kidato cha Sita aende kazini kwanza kabla ya kuomba chuo kikuu. Sharti hilo lilishakufa. Siku hizi matokeo ya Mei hutoka Julai na maombi ya chuo huanza mwaka huohuo. Kwa shahada nyingi sifa ya chini ni kufaulu masomo mawili ya tahasusi kwa jumla ya pointi nne.

Wengi hudhani hapo ndipo penye lango. Lango liko nyuma zaidi, Novemba ya Kidato cha Nne. Asiye na C tatu hawezi kufanya mtihani wa Kidato cha Sita, awe darasani au mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa hiyo swali la mwaka gani humwangukia kijana akiwa na miaka kumi na saba au kumi na minane, katika kipindi kibaya kuliko vyote: kati ya kumaliza Novemba na kuanza Kidato cha Tano Julai. Ni kama miezi saba ya kukaa nyumbani. Katoro, Nyarugusu, Rwamgasa na pembeni mwa Kahama, miezi hiyo ina mwajiri wake. Kuna maduara ya dhahabu, kuna makarasha ya kusaga mawe, kuna fedha ya leo leo. Matokeo hutoka mwishoni mwa Januari, na aliyepata C mbili husema, "Ngoja nitafute hela kwanza, nitarisiti mwakani."

Hapo ndipo mahesabu yanapopotea. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea wa Kidato cha Nne kwa kawaida hufunguliwa Januari na kufungwa mwisho wa Februari. Baada ya hapo kuna muda mfupi wa kulipa kwa faini. Kati ya kutoka kwa matokeo na kufungwa kwa dirisha hilo la usajili zinabaki wiki chache tu. Atakayezipitisha pamoja na muda wa faini hajaahirisha mwezi mmoja, ameahirisha Novemba nzima. Nazo ni wiki ambazo nyumba ya mkulima wa Kishapu haina kitu: pamba imepandwa Novemba na Desemba, na ununuzi huanza Mei. Ada inadaiwa wakati wa palizi, fedha inaingia dirisha likiwa limeshafungwa. Namwelewa mzazi anayesema hana. Ndiyo maana ada ya kurisiti, yaani ya kurudia mtihani, itengwe kwenye mauzo ya pamba ya mwaka uliotangulia, kabla hata mtoto hajaingia kwenye mtihani. Akifaulu, fedha hiyo itamnunulia godoro na tranka la bweni.

Anayerisiti halazimiki kurudia masomo yote. Aliyekosa C moja ajikite kwenye mawili au matatu anayoyaweza. Akiwa ameshajisajili, hata akienda machimboni, anakwenda akijua Novemba inamngoja.

Aliyechaguliwa kwenda Kidato cha Tano ana hesabu nyingine. Tangu 2022 shule za serikali hazitozi ada kwa kidato cha tano na cha sita, lakini asiyeripoti kwa wakati hupoteza nafasi yake. Kuiacha kwa ajili ya duara ni hasara kubwa kuliko kiroba chochote cha mawe. Baada ya Kidato cha Sita nako kuna saa inayohesabu. Miongozo ya karibuni ya Bodi ya Mikopo humtaka mwombaji awe amehitimu ndani ya miaka mitano. Kijana anayepumzika mwaka baada ya mwaka Geita akisubiri mtaji anaumaliza muda ambao ungemlipia chuo.

Wapo ambao Kidato cha Sita si njia yao, na hilo si aibu. Mwenye D nne anaweza kuanza astashahada, aende stashahada, na akipata wastani wa 3.0 akaomba shahada.

Mzazi wa Kahama, Geita au Shinyanga mwenye mtoto anayesubiri matokeo ya Januari: keti naye sasa, mkubaliane atafanya nini akipata C tatu na atafanya nini akizikosa. Akizikosa, ajisajili kabla Februari haijaisha.