Sahibu Yangu wa Riruta

"Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Sisi watu wa pwani huwaambia hivi jamaa zetu waliohamia bara, kila tukitaka kuwakumbusha kwamba kwao ni huku. Mwezi uliopita nilikwenda nayo methali hiyo hadi Riruta Satellite, magharibi ya jiji la Nairobi, kumzuru sahibu yangu tuliyesoma naye chuoni Mombasa. Amehamia huko tangu 1991.

Mombasa hadi Nairobi ni kiasi cha kilomita 480. Tangu 2017 iko reli mpya, na wengi wameikimbilia, lakini mimi nilipanda basi. Minazi ilituaga pale Mazeras. Baada ya Mariakani ikaja miiba na vumbi jekundu, kisha Voi, kisha Mtito Andei, ambapo abiria hushuka kula. Hapo nilisali adhuhuri na alasiri pamoja, rakaa mbili mbili, kama madhehebu yetu ya Shafii yanavyomruhusu msafiri. Msomaji ajua kwamba mtu akinuia kukaa mahali siku nne kamili, ruhusa hiyo humwondokea, naye huhesabiwa mkaazi.

Riruta Satellite imepakana na Kawangware. Nyumba za mabati na maghorofa ya mawe husimama bega kwa bega; mafundi cherehani, wauza sukumawiki na pikipiki za abiria hugawana ukingo wa barabara. Baridi ya huko, kwa sisi tuliozoea joto, huingia mifupani. Sahibu yangu alinilaki kwa mahamri na mbaazi za nazi, nikajiona sijatoka nyumbani.

Baada ya isha alisema, "Ndugu yangu, nina amana ya kukupa. Jamaa zangu huko wamekwisha kusemezana kwamba nikifa nitachukuliwa Mombasa. Waambie wasinichukue. Nizikwe hapa."

Nikamtolea methali yangu. Akacheka.

"Ngama ni ya chombo," akasema, "na chombo changu kimetia nanga hapa. Mwaka jana nilikuja Mombasa harusini kwa siku mbili, nikasali sala ya msafiri. Hapa nasali rakaa nne. Sheria yajua kwangu ni wapi. Ni nyinyi tu msiojua."

Sikuwa na jawabu. Maulamaa wa Kishafii hawapendi maiti kuhamishwa kutoka mji alikofia kupelekwa mji mwingine, na wako wanaoharimisha kabisa, isipokuwa aliyefia karibu na Makka, Madina au Baitul Mukaddas. Maiti huharakishwa kaburini. Hazungushwi barabarani usiku kucha kwa kuwa jamaa waona haya azikwe ugenini.

Tena ugeni wenyewe ni nini? Ng'ambo ya Barabara ya Ngong iko Kibera. Wanubi, askari Waislamu wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Mwingereza, waliwekwa hapo mwanzoni mwa karne ya ishirini, na jina lenyewe, Kibra, kwa lugha yao ni msitu. Kwa miaka mingi waliambiwa si wenyeji. Wao wakajenga misikiti, wakazaa, wakazika. Mwaka 2017 ndipo walipopewa hati ya ekari 288. Nani leo atawaambia kwao ni Sudan?

Jamaa zetu wa bara twawataka warudi wakiwa maiti, ilhali wakiwa hai hatuwaendei. Miaka yote hiyo sahibu yangu ameozesha mabinti wawili huko Riruta. Waliokuja kutoka pwani aliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Majirani wa Kawangware, wa kila kabila na kila dini, ndio waliobeba masufuria.

Niliporudi nilimfikishia dada yake amana ile. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba kando ya kaburi la mama yao pana nafasi, naye kila mwaka huipalilia.

Nami nimefikisha. Wazungumze wao kwa wao, maadamu wote wangali hai.