Deni na Kibali cha Siri za Serikali



Wanafunzi wetu wakubwa wameanza kuzungumzia kazi. Mmoja anataka jeshi, mwingine anataka kompyuta katika kampuni inayofanya kazi za serikali. Hapa Marekani nyingi ya kazi hizo zinahitaji kibali cha kuona siri za serikali. Kwa kawaida kibali hupewa raia tu, na anayekuombea ni mwajiri. Huwezi kujiombea mwenyewe.

Wengi wanajua kwamba utaulizwa kuhusu makosa ya jinai na dawa za kulevya. Wachache wanajua kwamba utaulizwa pia kuhusu madeni. Mwongozo unaotumika tangu Juni 2017 una vipengele 13, na kimoja ni cha fedha. Serikali inahofia kwamba mtu aliyebanwa na madeni anaweza kushawishika kuuza siri. Aldrich Ames wa CIA, aliyekamatwa mwaka 1994, alianza kuwauzia Warusi siri mwaka 1985 akiwa na shida ya fedha.

Fomu ya maombi, SF-86, inauliza kama umeshindwa kupeleka ritani ya kodi au kulipa kodi. Inauliza kama, katika miaka 7 iliyopita, una deni lililochelewa zaidi ya siku 120. Deni ulilomdhamini mtu nalo linahesabiwa. Kwa hiyo vijana, mjomba akikuomba umdhamini anunue gari, kisha akaacha kulipa, deni hilo ni lako pia. Na sisi wazazi tusiandikishe simu wala umeme kwa jina la mtoto.

Je, kila mwenye deni hukataliwa? La. Mwongozo hautaji kiasi fulani cha dola. Wanaoamua huangalia maisha yako yote. Kinachokusaidia ni kama deni lilitokana na jambo lililo nje ya uwezo wako, kwa mfano kupoteza kazi, ugonjwa au talaka, nawe ukafanya ulichoweza. Inasaidia pia ukiwa umepatana na wanaokudai na unalipa, hata kidogo kidogo, au una ushahidi kwamba deni si lako.

Mimi ni muuguzi, kwa hiyo niseme jambo moja kuhusu bili za hospitali. Msiziache bahasha kwenye droo. Pigeni simu, ombeni mpango wa kulipa polepole, na mtunze barua zote. Hospitali zisizotafuta faida zinatakiwa kisheria kuwa na utaratibu wa kuwasaidia wasio na uwezo, lakini lazima uulize.

Jambo la hatari zaidi ni kuficha. Wachunguzi huiona ripoti yako ya mikopo. Kudanganya kwa makusudi katika fomu ni kosa la jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 5. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Fomu inauliza pia kama umewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia wa Marekani. Kumtumia bibi fedha za dawa si kosa. Andika ukweli, tunza risiti, na usitume fedha za nyumbani huku kodi yako hapa haijalipwa.

Anzeni mapema. Kila mtu ana haki ya kupata bure ripoti yake ya mikopo kutoka Equifax, Experian na TransUnion. Isomeni pamoja na kijana wenu kabla hajaomba kazi. Mkiona kosa, lipingeni kwa maandishi. Na hata serikali ikitaka kumnyima kibali, humwandikia sababu, naye ana haki ya kujibu.

Kazi ya nyumbani kwa watoto: waulizeni wazazi tofauti ya kukopa na kukopesha, kudai na kudaiwa. Kisha waelezeni maana ya methali hii: dawa ya deni kulipa.