Kwa Nini Aliyeumia Kichwa Anaweza Kupoteza Maneno?



Mtu anaamka asubuhi, anataka kuomba maji, na maneno hayatoki. Ama jiwe linampiga kichwani, anasimama tena, lakini usemi wake umechanganyika. Watu wanasema: amelewa, wengine: amerogwa. Hapana! Mara nyingi ni ubongo ulioumia, na kila saa inayopita ni hasara.

Ubongo umefunikwa na gome la rangi ya majivu, lenye mikunjo mingi. Unene wake ni milimeta 2 mpaka 4 tu. Kama katika kampuni, kila sehemu ya gome ina kazi yake, na zote zinapelekeana habari. Sehemu ya nyuma ni ya kuona. Juu ya kichwa, kutoka upande mmoja mpaka mwingine, kuna ukanda unaoamuru viungo: ubongo wa kushoto unaamuru mkono wa kuume.

Kusema nako kuna mahali pake, na kwa watu wengi ni kushoto. Mwaka 1861, mjini Paris, munganga Paul Broca alimpima mgonjwa Leborgne. Huyu alifahamu mengi aliyoambiwa, lakini kinywani mwake lilitoka karibu neno moja tu: «tan». Mkono wake wa kuume pia ulikuwa umekufa. Baada ya kifo chake, Broca aliona kidonda katika ubongo wa kushoto, upande wa mbele. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke alieleza wagonjwa wa namna nyingine: walisema upesi bila maana, wala hawakufahamu vizuri wanayoambiwa. Kidonda chao kilikuwa nyuma zaidi, karibu na sikio. Leo tunajua kwamba sehemu hizo zinafanya kazi pamoja na nyingine nyingi.

Na nyuma ya paji la uso? Mwaka 1848, kule Vermont, Marekani, kapita wa kazi za reli, Phineas Gage, alikuwa akishindilia baruti katika tundu la mwamba. Baruti ikalipuka. Mtaimbo wa kilo 6 ukaingia chini ya shavu la kushoto, ukatokea juu ya kichwa. Hakufa, na alisema siku ileile. Lakini rafiki zake waliona amegeuka: mwenye matusi, asiyeshika shauri. Basi, kusema vizuri si alama ya kwamba ubongo ni mzima.

Kwa hiyo:

1. Vaa kofia ya kazi, na ufunge mkanda wake.

2. Aliyepigwa kichwani, hata akisema «niko mzima», apelekwe kwa munganga. Asirudi kazini, asiachwe alale peke yake.

3. Kinywa kikipinda, mkono ukilegea ama maneno yakipotea ghafula, mpelekeni hospitali mara moja. Msimpe chakula wala kinywaji.

4. Mwenye tansio ya kupanda ameze dawa zake kila siku, hata asiposikia maumivu.

5. Aliyepoteza maneno si mjinga. Semeni naye polepole, mwulizeni maswali ya ndiyo na hapana, mngojeni ajibu. Wengi hurudishiwa maneno kidogo kidogo, kwa mazoezi na kwa uvumilivu wa jamaa.

Mkono uliovunjika tunaufunga na unapona. Ubongo haufungwi: tuulinde.