Brashi ya Singa za Farasi: Povu, Maji na Kimeta

Mwezi wa Juni na Julai, watu wa Sumbawanga huvaa makoti hata ndani ya nyumba. Mji umekaa kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji ya ndoo yaliyolala nje usiku huuma vidole. Anayenyoa ndevu kwa maji hayo anajua yanayofuata: ngozi kuwaka, vipele shingoni, damu mahali pawili patatu. Lawama zote hubebeshwa wembe. Mara nyingi wembe hauna kosa, ila ndevu hazikulowa.

Unywele wa ndevu umejengwa kwa keratini, protini ileile inayojenga kucha na kwato. Molekuli za keratini zimeshikana kwa vifungo vya aina mbalimbali. Viko vya salfa, ambavyo maji hayaviwezi, na viko vya haidrojeni, ambavyo maji huvilegeza katika dakika chache. Unywele ukiloa sawasawa hunywa maji yanayokaribia theluthi ya uzito wake, hunenepa, na nguvu inayohitajika kuukata hupungua sana. Maji ya uvuguvugu hufanya kazi hiyo upesi kuliko ya baridi. Shida ni kwamba maji hayatulii shavuni. Hutiririka, na ndevu zenyewe zimepakwa mafuta ya ngozi yanayoyafukuza.

Kazi ya brashi ni kuyatuliza. Sabuni huondoa mafuta, kisha maelfu ya nywele za brashi, zikizungushwa, hukatakata hewa na kuiingiza kwenye mchanganyiko wa sabuni na maji mpaka litokee povu zito lenye viputo vidogovidogo. Povu la namna hiyo hushikilia maji juu ya ndevu muda wote wa kunyoa, na wembe huteleza juu yake. Ncha za brashi nazo huinua ndevu zilizolala. Kiganja hutoa povu pia, lakini huwa jepesi na hukauka kabla hujafika kidevuni.

Brashi za asili hutengenezwa kwa nywele za nguruwe, za bajeri wa Ulaya na Asia ambaye ni jamaa wa mbali wa nyegere wetu, au kwa singa za farasi. Hizi za farasi nazipenda kuliko nyingine, na sababu iko kwenye maumbile yake. Singa za shingoni ni nyembamba na laini. Za mkiani ni nene na zina mnepo. Watengenezaji huzichanganya kwa uwiano wautakao: shingo kwa ulaini, mkia kwa nguvu. Hispania bado wako mafundi wa kazi hii. Tena farasi hahitaji kufa ndipo zipatikane. Hupunguzwa singa, akaendelea na maisha yake.

Ufipa, hata hivyo, si nchi ya farasi. Uwanda wenyewe una ubaridi na majani ya kutosha, na ng'ombe wa Wafipa wamestawi juu yake tangu zamani. Lakini mabondeni kuna mbung'o, na popote usubi ulipo katika Afrika kusini mwa Sahara, ugonjwa wa farasi unaoenezwa na usubi huo huua kwa siku chache. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wapanda farasi walioletwa kutoka Afrika Kusini kupigana na Wajerumani katika nchi yetu walipoteza wanyama wao kwa maelfu, si kwa risasi bali kwa magonjwa. Nywele za mkia zinazojulikana zaidi huku ni za usinga wa mzee, nazo kwa kawaida ni za ng'ombe. Atakaye kuona singa za farasi zikifanya kazi Afrika Mashariki atazame upinde wa fidla kwenye taarabu ya Zanzibar.

Brashi ya farasi ikifika Sumbawanga, basi, imesafiri sana. Nitarudi kwenye safari hiyo, kwa sababu ndiyo kiini cha jambo. Kwanza matunzo.

Brashi mpya hunuka zizi. Ioshe kwa shampuu, itengenezee povu mara kadhaa bila kunyoa, na harufu itaondoka yenyewe. Kabla ya kunyoa iloweke dakika moja au mbili kwenye maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia bila shida. Maji yanayochemka hulegeza gundi inayoshika nywele kwenye mpini na kuzifanya nywele zenyewe zikakamae baada ya kukauka. Ikamue kidogo, izungushe juu ya sabuni, kisha paka usoni kwa kuzungusha na kufagia. Usiigandamize mpaka nywele zitawanyike pande zote kutoka katikati, kwani hapo ndipo zinapokatikia, karibu na shina.

Ukimaliza, suuza mpaka maji yatoke safi. Sabuni iliyobaki kwenye shina ikikutana na maji yenye chokaa huacha utando mgumu, na brashi hupoteza ulaini ukadhani imezeeka. Kijiko cha siki kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, dakika chache, huuondoa utando huo. Kisha kamua, kung'uta, acha ikauke. Watu hubishana kama brashi itundikwe kichwa chini au isimamishwe wima. Ukweli ni kwamba maji yaliyobaki katikati ya nywele yameshikwa na nguvu ya mvutano kati ya maji na nywele, na nguvu hiyo huzidi uzito wa matone hayo madogo. Upepo ndio unaokausha. Kuanzia Mei hadi Oktoba upepo mkavu wa Ufipa huikausha brashi dirishani bila taabu. Masika yakishika, brashi iliyofungiwa kwenye mfuko wa plastiki huota ukungu. Na wale wanaoianika juu ya jiko la mkaa kwa sababu ya baridi wanaiua: mpini wa mbao hupasuka, nywele hukatika.

Mtu akiyafuata haya, brashi yake itadumu miaka mingi. Lakini yote haya ni usafi wa upande mmoja tu. Upo usafi mwingine ambao mnunuzi hana uwezo nao hata kidogo, nao huanzia kwa mnyama.

Juni 1916 Waingereza waliiteka Bismarckburg, boma la Wajerumani lililokuwa Kasanga, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika huku Ufipa. Katika miaka ya vita hivyohivyo, mbali na mapambano, askari wa Uingereza na Marekani walianza kuugua ugonjwa ambao mfugaji yeyote wa Rukwa angeutambua. Kipele kidogo kilitokea shavuni au shingoni, kikavimba pembeni bila maumivu makubwa, kikawa malengelenge, kisha kidonda chenye ganda jeusi. Kilikuwa kimeta. Wagonjwa hawakuwa wachungaji wala wachinjaji. Kilichowaunganisha ni brashi mpya za kunyolea.

Kabla ya vita, sehemu kubwa ya nywele za brashi zilipitia Ulaya bara, zikapangwa na kutakaswa huko. Vita vilivunja njia hiyo. Nywele za bajeri zikaadimika, na mahali pake zikaingia singa za farasi za bei nafuu kutoka Asia, zikatiwa rangi zifanane na za bajeri. Nyingine hazikutakaswa vya kutosha. Wembe ukifungua mkwaruzo mdogo usoni, brashi iliyobeba kimeta huupaka. Watu zaidi ya 200 waliugua, wengi wao askari, na baadhi walikufa. Uingereza ilitunga sheria ya kuzuia kimeta mwaka 1919, ikapiga marufuku brashi za kunyolea kutoka Japani mwaka uliofuata, na huko Liverpool serikali ikafungua kituo cha kutakasa sufu na nywele: maji ya moto yenye sabuni na magadi kwanza, kisha formaldihaidi, kisha kukausha kwa joto.

Sababu ya jitihada zote hizo ni spora. Bakteria wa kimeta, Bacillus anthracis, akitoka kwenye mwili wa mnyama na kukutana na hewa hujifungia ndani ya ganda gumu na kulala. Robert Koch alilieleza jambo hili mwaka 1876. Sabuni haiui spora, spiriti ya kinyozi haiui, maji ya kunyolea hayaui. Kuchemsha kwa muda mrefu kunaweza, lakini kwa mwinuko wa Sumbawanga maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100. Hospitali hutumia mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121, na brashi yenye gundi na mpini wa mbao huweza kuharibika humo. Kisiwa cha Gruinard huko Uskoti, kilichofanyiwa majaribio ya mabomu ya kimeta mwaka 1942, kilitangazwa salama mwaka 1990 tu, baada ya udongo wake kumwagiwa formaldihaidi.

Brashi za leo zinazotoka viwanda vinavyotakasa nywele zao hazipaswi kumtia mtu hofu. Tahadhari ni kwa brashi kuukuu. Mwaka 2017 wataalamu wa CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, waliichambua upya historia hii kwa sababu brashi za zamani zimeanza tena kupendwa. Ukiikuta ya enzi za wakoloni kwenye mali za marehemu babu, iweke kabatini kama kumbukumbu. Usijaribu kuitakasa kwa formalini nyumbani, maana kemikali hiyo ni sumu kwa macho na mapafu. Kwa mpya, muulize muuzaji imetengenezwa wapi na nani. Asipojua, nunua ya nyuzi za plastiki, inayotoa povu zuri na kukauka upesi. Na kinyozi anayepaka povu wateja wote kwa brashi moja abadilishe utaratibu, iwe ya farasi au ya plastiki, kwa kuwa damu ya mmoja na fangasi wa mwingine hupanda humo pia. Kila mteja na brashi yake.

Wasomaji wa Ufipa wana sababu ya ziada ya kuijua habari hii. Chini ya uwanda, Ziwa Rukwa halina mto unaotoka, maji yake yana magadi, na ng'ombe, viboko na watu wanaishi kandokando yake. Udongo wenye magadi na chokaa ndio unaohifadhi spora vizuri. Kwa majirani zetu mambo yameshaonekana: Chama, Zambia, mwaka 2011 mamia ya watu waliugua baada ya kugusa na kula nyama ya viboko waliokufa, na mwaka 2025 kimeta kiliua viboko wapatao 50 katika Hifadhi ya Virunga, Kongo. Kwetu, Monduli walikipata mwaka 2016, kwa nyumbu, mifugo na watu.

Chanjo ya mifugo ipo, inatengenezwa hapahapa Tanzania, Kibaha. Ng'ombe aliyechanjwa ipasavyo amepunguziwa sana hatari ya kimeta, na kwa hiyo ngozi yake, nyama yake na mkia wake wa usinga pia. Ng'ombe au kiboko aliyekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani, asipasuliwe wala asichunwe, na mkia wake usikatwe hata kama ni mzuri namna gani. Ngozi ikiwa nzima, bakteria wengi walio ndani hufa mzoga unapooza, kabla hawajaunda spora. Kisu kikipita, hewa inaingia. Aitwe afisa mifugo, mzoga uchomwe au ufukiwe chini sana, na aliyekwisha kuugusa akiona kipele kisichouma kinachovimba aende hospitali siku hiyohiyo, amweleze mganga kwamba aligusa mzoga. Kimeta cha ngozi kisipotibiwa huweza kumuua mgonjwa mmoja kati ya watano. Kikiwahiwa kwa antibiotiki, karibu wote hupona.