Mizunguko miwili ya uwanja: Kwa nini wasichana walichelewa kufika kwenye riadha ya shule

Kando ya Barabara ya Kitaifa namba 3, inayotoka Bujumbura kupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac, watoto hukimbia kila siku. Wapo wanaokimbilia shule, wapo wanaokimbilia mitumbwi inaporudi alfajiri na ndagala. Katika umri wa miaka minane au tisa ni vigumu kusema nani ana kasi zaidi, mvulana au msichana. Miaka mitano baadaye, wavulana bado wako uwanjani, na wasichana wengi wamekwisha kuondoka.

Watu wengi huona jambo hilo kama desturi iliyokuwapo tangu zamani. Hata hivyo, sehemu yake ina tarehe. Utaratibu wa riadha shuleni, pamoja na swali la nani anaruhusiwa kukimbia, uliwekwa kwa kiasi kikubwa katika miaka ya kati ya Vita Kuu ya Kwanza na Vita Kuu ya Pili, wakati nchi hii ikiitwa Urundi na ikitawaliwa na Ubelgiji.

Milango myembamba ya shule

Majeshi ya Ubelgiji yaliingia Urundi mwaka 1916 na kuwaondoa Wajerumani. Mwaka 1922 Shirikisho la Mataifa lilithibitisha udhamini wa Ubelgiji juu ya Ruanda-Urundi, na mwaka 1925 eneo hilo likaunganishwa kiutawala na Kongo ya Wabelgiji. Elimu iliachwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa misheni, huku serikali ikitoa ruzuku. Shule za msingi ziliongezeka. Za sekondari zikabaki za kuhesabika kwa vidole.

Iliyojulikana kuliko zote ilikuwa Groupe Scolaire ya Astrida, mji ambao leo ni Huye nchini Rwanda. Ilianzishwa mwaka 1929 na kukabidhiwa kwa Mabruda wa Upendo kutoka Ubelgiji. Wanafunzi walitoka Ruanda na Urundi, na wana wa machifu walipewa nafasi ya mbele. Hapo waliandaliwa makarani wa utawala, wasaidizi wa waganga, wasaidizi wa mifugo na watumishi wengine wa serikali. Ilikuwa shule ya wavulana.

Jambo hili la mwisho ndilo linaloeleza mengi. Msichana wa Urundi wa miaka ya 1930 aliyebahatika kusoma alifundishwa dini, kusoma na kuandika, kushona, usafi na kazi za nyumbani. Lengo lilikuwa kumpata mke anayefaa kwa mtumishi aliyesoma. Kwa kuwa hakutarajiwa kuongoza ofisi, hakuna aliyeona haja ya kumpa uwanja.

Uwanja ulikuwa wa nini?

Katika shule za enzi hiyo, michezo haikuwa burudani ya jioni tu. Ilikuwa sehemu ya malezi ya viongozi. Upande wa pili wa ziwa, katika Tanganyika ya Waingereza, shule ya serikali ya Tabora iliendeshwa kwa mfano wa shule za bweni za Uingereza: viranja, mabweni yanayoshindana, na michezo. Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia mwaka 1937. Nchini Uganda, shule ya King's College Budo, iliyofunguliwa mwaka 1906, ilifuata njia hiyo hiyo. Waalimu waliamini kwamba kijana anayejifunza kushindwa bila kununa, na kushinda bila kujigamba, atafaa kuongoza.

Wabelgiji walikuwa na desturi yao. Walithamini zaidi mazoezi ya viungo yanayofanywa kwa safu, kwa amri na kwa hesabu, yakifuatwa na kandanda. Nia haikutofautiana sana: mwili wenye nidhamu, kisha akili yenye utii.

Kwa hiyo, mahali ambapo uongozi ulikuwa wa wavulana, uwanja nao ulikuwa wa wavulana. Uganda ilitoa mifano michache iliyopinda kanuni hiyo. Shule ya wasichana ya Gayaza ilikuwapo tangu mwaka 1905, na katika miaka ya 1930 Budo yenyewe ilianza kupokea wasichana. Nchini Kenya, shule ya Alliance ya wavulana ilifunguliwa mwaka 1926. Ile ya wasichana ilisubiri hadi mwaka 1948. Tofauti hiyo ya miaka 22 ni karibu kizazi kizima.

Mbio moja iliyofunga mlango

Itakuwa makosa kudhani kwamba wasichana wa Afrika peke yao ndio waliozuiwa. Ubelgiji yenyewe iliandaa Michezo ya Olimpiki mjini Antwerp mwaka 1920. Wanawake walishiriki katika kuogelea na tenisi, lakini katika riadha hapakuwa na shindano hata moja lao. Mwaka 1922 Mfaransa Alice Milliat akaandaa mjini Paris michezo ya kimataifa ya wanawake, na shinikizo hilo likazaa matunda: mwaka 1928, mjini Amsterdam, wanawake waliruhusiwa kushindana katika aina tano za riadha kwenye Olimpiki. Mojawapo ilikuwa mbio za mita 800, yaani mizunguko miwili ya uwanja.

Fainali ilikuwa na wakimbiaji tisa. Lina Radke wa Ujerumani alishinda kwa dakika 2 na sekunde 16.8, rekodi mpya ya dunia. Hitomi Kinue wa Japani alikuwa wa pili na Inga Gentzel wa Sweden wa tatu. Wote tisa walimaliza. Lakini magazeti kadhaa yaliandika kwamba wanawake walianguka ovyo na kuzimia, na kwamba umbali huo ungewazeesha kabla ya wakati. Wanaume pia hulala chini baada ya mbio ngumu. Hakuna aliyedai kwamba hilo ni ushahidi wa udhaifu wa jinsia yao.

Habari hiyo iliyotiwa chumvi ndiyo iliyoaminiwa. Mbio za mita 800 za wanawake ziliondolewa kwenye Olimpiki na hazikurudi hadi Roma, mwaka 1960. Kwa miaka 32 mwanamke hakuruhusiwa kukimbia zaidi ya mita 200 katika michezo hiyo. Fundisho la kwamba mbio ndefu humdhuru msichana liliingia katika vitabu vya waganga na waalimu wa Ulaya, na waalimu hao ndio waliofungua shule katika makoloni. Likakutana na miiko ya hapa kwetu, iliyotaka msichana awe mtulivu na asiruke wala kupanda hovyo. Yote mawili yakaimarishana.

Miruko iliyopigwa picha

Kwa upande wa wavulana kuna sura nyingine ya historia hii. Wazungu hawakuwakuta vijana wa eneo hili bila michezo. Nchini Rwanda, mwaka 1907, msafara wa Mtawala Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulipiga picha za vijana wakiruka juu ya kamba au ufito, mchezo uitwao gusimbuka. Ilidaiwa kwamba walifikia mita 2.50, wakati rekodi ya dunia haikuwa imefika mita 2. Warukaji walianzia kwenye kijiwe au kichuguu kidogo, kwa hiyo vipimo hivyo haviwezi kulinganishwa na vya uwanjani.

Picha hizo zilisambaa Ulaya kati ya vita viwili na kuzua gumzo la vipaji vya ajabu. Hata hivyo, gumzo halikuleta nafasi. Mchezo wenyewe ulibaki kuwa maonyesho kwa wageni, na hakuna kijana wa Ruanda-Urundi aliyepelekwa kwenye Olimpiki za miaka hiyo. Sifa bila mlango wa kuingilia haimpeleki mtu popote.

Waswahili wa mwambao

Kwa jamii za Kiswahili za Rumonge, Nyanza na Buyenzi mjini Usumbura, hali ilikuwa na ugumu wa ziada. Miji hii ya pwani ya ziwa ilikua kutokana na biashara ya karne ya 19, ikiunganishwa na Ujiji, Tabora na bahari. Wengi wa wakazi wake walikuwa Waislamu. Kwa kuwa shule zilikuwa za misheni, na darasa lilikwenda pamoja na mafundisho ya ubatizo, wazazi wengi waliona salama kuwapeleka watoto chuoni kusoma Kurani.

Uamuzi huo ulilinda imani na lugha. Gharama yake ilikuwa kukosa sekondari, na pamoja na sekondari, kukosa kila kilichofuatana nayo: cheti, kazi ya ofisi, na hata uwanja wenye mistari. Kijana wa mwambao alijifunza kandanda mtaani na kuogelea ziwani. Dada yake hakuwa na uwanja wa misheni wala wa mtaa.

Kutoka Vugizo hadi Atlanta

Burundi ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1996, mjini Atlanta, Marekani. Nchi ilikuwa vitani tangu Oktoba 1993. Tarehe 25 Julai, michezo ikiwa imeanza, serikali ilipinduliwa. Siku chache baadaye nchi jirani zikatangaza vikwazo vya kiuchumi.

Tarehe 3 Agosti, Vénuste Niyongabo, mzaliwa wa Vugizo, katika milima iliyo juu ya Nyanza-Lac, alishinda mbio za mita 5,000 kwa dakika 13, sekunde 7 na nukta 96. Alikuwa bingwa wa kutumainiwa wa mita 1,500, lakini aliiachia nafasi hiyo kwa mwenzake Dieudonné Kwizera, mkimbiaji mkongwe aliyekuwa amepigania kwa miaka mingi Burundi ikubaliwe kwenye Olimpiki. Akahamia umbali ambao alikuwa ameukimbia mara chache mno. Hiyo ndiyo medali pekee ya dhahabu ya Olimpiki ambayo Burundi imewahi kupata.

Michezo hiyo ya Atlanta ina kumbukumbu nyingine isiyotajwa sana: ndiyo ya kwanza ambayo wanawake waliruhusiwa kukimbia mita 5,000. Miaka 68 ilikuwa imepita tangu Amsterdam.

Miaka 20 baadaye, mjini Rio de Janeiro, Francine Niyonsaba, aliyezaliwa mkoani Ruyigi mwaka 1993, alipata medali ya fedha. Umbali aliokimbia ulikuwa mita 800, zile zile zilizotangazwa kuwa hatari kwa wanawake. Muda wake ulikuwa dakika 1 na sekunde 56.49, yaani sekunde 20 chini ya rekodi ya Radke. Baadaye kanuni za kimataifa kuhusu viwango vya homoni zilimtoa katika umbali huo. Akahamia mbio ndefu zaidi, na Septemba 2021 akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 mjini Zagreb. Mwaka 2023 kanuni hizo zilipanuliwa hadi mbio zote. Mjadala kuhusu kanuni hizo una hoja za haki pande zote mbili, lakini unaonyesha kwamba swali la nani anafaa kukimbia mizunguko miwili bado halijafungwa.

Kinachobaki kwa shule za leo

Vizuizi vya zamani vimeondoka katika sheria. Vinavyobaki ni vya kawaida zaidi, na kwa hiyo ni rahisi kutovitambua. Msichana akitoka shuleni anangojewa na maji ya kuchota, chungu jikoni na mdogo wake wa kubeba. Saa ya mazoezi ndiyo ya kwanza kukatwa. Kupanda kwa maji ya ziwa katika miaka ya karibuni kumefunika nyumba na maeneo ya wazi ya mwambao, na uwanja ukipungua, anayesogezwa pembeni kwanza si timu ya kandanda ya wavulana.

Suala la mavazi, ambalo huwatia wasiwasi baadhi ya wazazi Waislamu, lina majibu. Mwaka 2012 mjini London, Sarah Attar wa Saudi Arabia alikimbia mita 800 akiwa amefunika kichwa, mikono na miguu. Alimaliza wa mwisho katika kundi lake, na watazamaji walisimama kumpigia makofi.

Riadha ina faida moja juu ya michezo mingine: haihitaji mpira, goli wala wachezaji 22. Mwalimu mwenye kamba iliyopimwa na saa anaweza kuweka mita 100 ufukweni. Akiandika muda wa kila mtoto, wa kike na wa kiume, kila muhula, atakuwa na kitu ambacho shule za kati ya vita viwili hazikuwahi kuwa nacho kuhusu wasichana wa mwambao huu: kumbukumbu. Mwaka 1928 wanawake tisa walimaliza mbio zao, lakini kilichoaminiwa ni maneno ya waliosema hawakuweza. Muda ulioandikwa daftarini ni vigumu kuubishia.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Wakazi wa Rumonge, wanaoishi kwa samaki, hawahitaji kufafanuliwa methali hiyo. Msichana wa miaka 12 anayeondolewa uwanjani leo hatarudi akiwa na miaka 20, na hakuna atakayejua kasi yake ilikuwa ipi.